Buli dogo la Kijapani: Usilifungie kabatini, lipime linavyomimina

IKIWA unaishi Nyeri, Karatina, Nanyuki au hata Nyahururu, huenda katika kabati lako la vioo kuna buli dogo la udongo lililotoka Japani. Lililetwa na mwana, mpwa au jirani aliyekwenda huko kukimbia mbio, kusoma au kutafuta riziki. Ni dogo kiasi cha kutosha kiganjani. Mkono wake haukai nyuma kama wa birika letu, bali umechomoza ubavuni kama mpini wa sufuria. Wageni hulisifu sana. Lakini ukimuuliza mama mwenye nyumba kwa nini halitumii, atakwambia lilimwaibisha: chai ilitambaa chini ya mdomo wa buli, ikapita tumboni mwake na kuishia kwenye kitambaa cha meza.

Leo tulitoe buli hilo kabatini. Tutalipima linavyomimina, tutajua ugonjwa wake uko wapi, kisha tutazame dawa. Hutahitaji vifaa vingi: saa, maji baridi, kitambaa kikavu na subira ya nusu saa.

Si ajabu kwamba vyombo vya Japani vinapatikana kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Vijana wa kujitolea kutoka Japani walianza kuja nchini mwaka 1966. Wanariadha wetu nao wamekuwa wakienda kwao kwa miaka mingi. Marehemu Samuel Wanjiru wa Nyahururu alipelekwa shule ya sekondari mjini Sendai mwaka 2002, na mwaka 2008 akailetea Kenya dhahabu ya marathoni ya Olimpiki kule Beijing. Catherine Ndereba wa Nyeri alitwaa ubingwa wake wa pili wa dunia katika marathoni mjini Osaka mwaka 2007. Mwanariadha akirudi nyumbani hakosi kitu cha kumpa mama yake.

Tena kuna marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Tetu. Alipozuru Japani mwaka 2005, baada ya kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, alikutana na neno la Kijapani "mottainai". Maana yake ni kwamba ni hasara na aibu kuharibu au kutupa kitu ambacho bado kina manufaa. Neno hilo lilimvutia mno hata akalitangaza katika mikutano ya kimataifa. Buli linalokaa kabatini kwa sababu ya tone moja la chai ni mottainai hasa.

Lijue buli lenyewe

Wajapani huliita "kyusu". Mengi hufinyangwa katika mji wa Tokoname, jimbo la Aichi, ambako udongo mwekundu na kazi ya ufinyanzi vina historia ya karne nyingi. Fundi hufinyanga tumbo, mdomo, mkono na kifuniko mbalimbali, kisha huviunganisha kabla ya kuchoma. Kifuniko husagwa taratibu hadi kikae barabara juu ya buli lake. Ndiyo maana kifuniko cha buli moja hakiwezi kuazimwa na jingine. Ndani, pale mdomo unapoanzia, kuna kichujio cha matundu madogo madogo, na juu ya kifuniko kuna tundu la hewa. Chai haiwezi kutoka vyema pasipo hewa kuingia.

Kama hujasadiki, kumbuka mtungi wa plastiki uliojaa maji. Ukiuinamisha ghafla, maji hutoka kwa kukatika-katika, "gudu, gudu, gudu", kwa sababu maji na hewa vinagombania mlango mmoja. Mwenye duka akifungua mkebe wa mafuta hutoboa matundu mawili, moja la mafuta na jingine la hewa. Tundu la kifuniko cha buli lina kazi iyo hiyo.

Jambo jingine la kujua ni kwamba buli hili lilitengenezewa chai ya kijani ya Kijapani, ambayo majani yake ni marefu na hayachanganywi na maziwa wala sukari. Sisi tunakunywa chai ya aina nyingine kabisa. Chai nyingi ya viwanda vyetu, kuanzia Ragati kule Mathira, kiwanda kilichoanza mwaka 1957 na kufungua njia kwa wakulima wadogo, hadi Gathuthi, Chinga na Iriaini, hupitishwa kwenye mashine zinazoyaponda, kuyararua na kuyakunja majani yawe chembechembe. Chembe hizo hutoa rangi upesi, na ndiyo maana zinafaa kwa chai ya maziwa. Lakini zikiingia katika buli la Kijapani huenda moja kwa moja kwenye matundu ya kichujio na kuyaziba kama mchanga. Ukiongeza maziwa, mafuta yake hunata hapo hapo na kuingia kwenye udongo usio na rangi ya kung'aa.

Kwa hiyo kabla ya kulilaumu buli, jiulize ulilitilia nini. Mabuli mengi yanayosemwa kuwa "hayamimini" yamezibwa na chai isiyokuwa yake.

Jinsi ya kulipima

Lisafishe kwanza kwa maji moto bila sabuni. Halafu tumia maji baridi matupu, ukiwa juu ya karai, ili usiungue na usipoteze majani ya chai.

Kipimo cha kwanza ni kimo cha mdomo. Liweke buli juu ya meza iliyo sawa, toa kifuniko, kisha jaza maji polepole hadi ukingo wa juu. Maji yakianza kutoka mdomoni kabla tumbo halijajaa, mdomo uko chini mno. Kosa hilo halina dawa, lakini unaweza kuishi nalo: angalia maji yalifikia wapi, na usijaze kupita hapo maisha yako yote.

Cha pili ni mwendo. Jaza maji hadi chini kidogo ya ukingo, funika, inamisha na uhesabu sekunde mpaka liishe. Rudia ukiwa umetoa kifuniko, maji yakiwa yale yale na mwinamo ule ule. Kama linamimina haraka zaidi bila kifuniko, tatizo ni tundu la hewa: limezibika, au ni dogo mno. Kama mwendo ni ule ule wa kinyonga mara zote mbili, tatizo limo katika kichujio au ndani ya mdomo. Jaribio hili moja litakuokoa na ubishi mwingi.

Cha tatu ni umbo la maji yenyewe. Mmiminiko mzuri hutoka kama uzi uliovutwa, laini na wa mviringo, ukaanguka pale ulipokusudia. Ukiona umejisokota, umepasuka vipande viwili au unarusha matone pembeni, kuna kijivimbe au uchafu ndani ya mdomo, au ukingo wake umemeguka.

Cha nne ndicho kinachohusu kitambaa chako cha meza. Kausha mdomo wa buli kwa kitambaa, mimina kikombe kimoja, kisha inua ghafla. Hesabu matone. Halafu pitisha kidole chini ya mdomo. Tone moja si neno. Matone matatu manne na tumbo lililolowa ni dalili ya ugonjwa tutakaoueleza hivi punde.

Cha tano ni kifuniko. Ukiwa unamimina, ziba tundu la hewa kwa kidole. Katika buli lililosagwa vyema, maji hukatika mara moja, na ukiondoa kidole huendelea. Wachuuzi wa mabuli hupenda kuonyesha hivyo mbele ya mnunuzi. Maji yakiendelea kutoka, hewa inapenya kando ya kifuniko. Hilo si kosa kubwa kwa matumizi ya nyumbani, ila usiliinamishe sana likiwa limejaa, maana chai nayo itapita papo hapo.

Cha mwisho, baada ya kumimina yote, fungua uone kilichobaki. Chai inayobaki ndani huendelea kuiva, ikawa chungu na kuharibu ya awamu ya pili.

Kwa nini chai hupenda kutambaa?

Wanafunzi mnaosoma fizikia, hapa ni penu. Jambo hili dogo limewashughulisha wataalamu wakubwa. Markus Reiner wa Israeli aliliandikia mwaka 1956 na kulipa jina linaloihusisha tabia hiyo na buli la chai. Mwaka uliofuata, Joseph Keller wa Marekani alieleza kwamba hewa iliyo nje huusukuma mmiminiko ung'ang'anie mdomo wa buli. Mwaka 1999 Keller na mwenzake Jean-Marc Vanden-Broeck walipewa kwa kazi ya namna hiyo tuzo ya Ig Nobel, ile inayochekesha watu kwanza kisha ikawafikirisha. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba asili ya uso wa mdomo ina uzito mkubwa: uso unaokataa maji huyaachilia, unaopenda maji huyashika. Na mwaka 2021 wataalamu wa Vienna, Austria, walitoa hesabu zinazoeleza jinsi tone dogo linalobaki chini ya ukingo linavyouvuta mmiminiko wote uende chini ya mdomo iwapo maji yanakwenda polepole.

Ukiyajumlisha hayo yote, utapata mambo matatu. Kwanza, mmiminiko wa polepole hutambaa, wa haraka huruka. Pili, ukingo wa mdomo ulio mnene na wa mviringo huyaongoza maji yarudi chini, ilhali ukingo mwembamba wenye kona kali huyakata. Tatu, udongo unaopenda maji hushika maji. Dawa zote zinazofuata zimetoka katika mambo hayo matatu.

Dawa, kuanzia iliyo rahisi

Tazama ncha ya mdomo. Mabuli mengi ya Kijapani huuzwa yakiwa na kijipira cha plastiki angavu kilichovalishwa hapo. Watu wengi hudhani ni sehemu ya buli. La! Kimewekwa ili mdomo usivunjike safarini. Kinaharibu mmiminiko, na uchafu wa chai hujikusanya chini yake. Kivue.

Pili, safisha matundu. Mimina maji kwa kinyumenyume, yaani yaingie kwa mdomo na kutokea tumboni, ili yasukume chembe zilizonasa. Sugua kichujio kwa mswaki mpya laini. Tundu la hewa lizibue kwa kijiti cha meno. Usitumie msumari. Kama buli lina harufu ya maziwa yaliyolala, lilowe katika maji moto yenye kijiko kimoja cha magadi ya kupikia, kisha suuza mara kadhaa.

Tatu, badili chai. Litilie buli hili majani marefu yaliyoviringishwa bila kurarurwa. Chai ya namna hiyo hutengenezwa nchini pia, na ipo ya majani ya zambarau, aina iliyotolewa rasmi kwa wakulima na watafiti wa Kericho mwaka 2011. Kama una chembechembe tu, tumia kidogo, ziache zitue chini kwa dakika mbili kabla ya kumimina, na ukubali kwamba chai ya maziwa mahali pake ni sufuria na birika. Kila chombo na kazi yake.

Kuhusu moto wa maji, kumbuka Nyeri iko juu, mita zipatazo 1,750, na maji huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa chai nyeusi, suuza buli kwa maji moto kwanza ili lisiyapoze zaidi, hasa wakati wa baridi ya gathano. Kwa chai ya kijani, subiri maji yapoe hadi nyuzi 70 au 80, la sivyo itakuwa chungu.

Nne, rekebisha mkono wako mwenyewe. Shika mpini kwa vidole vinne, kidole gumba kikae juu ya kifuniko. Geuza kifuniko ili tundu la hewa liwe mbali na mdomo, chai isije ikalifunika unapoinamisha. Kisha inamisha kwa uhakika. Woga ndio unaolowesha meza: mtu huinamisha kidogo, chai ikatoka polepole, ikatambaa. Ukimaliza, inua kwa mkato mmoja wa kifundo cha mkono. Mwenye kutumia shoto ajue kwamba mikono mingi ya mabuli haya iliwekwa kwa ajili ya wanaotumia mkono wa kulia, na si yeye mwenye makosa.

Wajapani hawajazi kikombe kimoja wakaenda kingine. Hutia kidogo katika cha kwanza, cha pili na cha tatu, halafu hurudi cha tatu, cha pili na cha kwanza, mpaka tone la mwisho. Hivyo hakuna anayepata maji na mwingine akapata chai nzito. Kwa nyumba yenye watoto wanaopimiana vikombe kwa macho, hilo ni somo la haki.

Tano, siagi. Paka kiasi cha kichwa cha kiberiti chini ya ukingo wa mdomo, kwa nje. Mafuta hukataa maji, na chai hukatika. Ni dawa ya muda. Ifute baada ya chai, kwa maana udongo hunywa mafuta na siagi huvunda.

Sita, msasa. Hii ni hatua ya mwisho, na si ya buli la thamani wala la ukumbusho. Kama ukingo wa chini wa mdomo ni mnene, chukua msasa laini wa kutumiwa na maji, ulowanishe pamoja na buli, kisha sugua upande wa chini wa ukingo mara tano au sita ili kona iwe kali kidogo. Suuza, pima tena kwa kile kipimo cha nne, ndipo uamue kama utaendelea. Usisugue pakiwa pakavu, kwa sababu vumbi la udongo uliochomwa hudhuru mapafu. Udongo ukishaondoka haurudi, kwa hiyo aliye na haraka asiushike msasa kabisa.

Si suala la kitambaa pekee

Huenda ukasema, "Yote haya kwa ajili ya tone la chai?" Msomaji, tone hilo ni la moto. Buli linalovuja hushikwa kwa wasiwasi, na chombo kinachoshikwa kwa wasiwasi huanguka. Mara nyingi aliye karibu na meza ni mtoto anayevuta kitambaa au mjukuu aliyeketi mapajani mwa cucu. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na chai ambayo wewe unaiona imepoa yaweza kumbabua. Weka buli katikati ya meza, mdomo ukielekea mbali na watoto, wala usimiminie juu ya mtu.

Ajali ikitokea, weka pahali palipoungua chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, vua nguo iliyolowa ikiwa haijanata, kisha umpeleke mtoto hospitalini. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Siagi ni ya mdomo wa buli, si ya ngozi ya mwanao.

Nawageukia pia vijana wa vyuo vya ufundi. Ufinyanzi si mgeni kwetu. Kina mama wa Kikuyu walifinyanga nyungu kwa mikono tangu kale. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi ambaye vyombo vyake vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, alijifunza sehemu ya kazi yake kwa wafinyanzi wa Abuja, Nigeria, miaka ya 1970. Sehemu zetu zina chai nzuri na watalii wanaopanda Mlima Kenya. Anayetaka kuwauzia buli na afinyange, lakini alimiminie maji mbele yao. Mnunuzi anaweza kusamehe buli lililopinda. Linalomlowesha magoti hatalisamehe.

Basi Jumapili hii, baada ya chakula, litoe buli lako kabatini. Jaza maji baridi, mpe mtoto mkubwa saa ahesabu sekunde, na mwingine ahesabu matone. Andikeni mlichokiona, kisha mtibu ugonjwa mmoja baada ya mwingine, si yote kwa pamoja, ndipo mtakapojua dawa ipi ilifanya kazi. Na aliyekuletea buli hilo akija likizo, mkaribishe chai kwa zawadi yake mwenyewe.

Hadi Jumapili ijayo, kunywa chai yako kitambaa cha meza kikiwa kikavu.